Maji yenyewe ndo yalinichorea ramani ya Sabaki

Mara ya kwanza kusimama pale mlango wa mto Sabaki, unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi, na simu mkononi nikiwa na nia ya kupima, simu iliniambia niko mita 27 chini. Sio juu, chini. Nimesimama kwa mchanga mkavu, kaa wanakimbia mbele yangu, bahari naiona hiyo pale, na ile programu ya GPS inaandika alama ya kutoa halafu 27. Nikaizima nikaiwasha tena, 26. Nikasogea mpaka nikaingiza miguu kwa maji, 28.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa na nataka nianze na hapo manake ndo chanzo cha mengi. Satelaiti hazijui bahari iko wapi. Zinapima kutoka kwa umbo la dunia la hesabu, kama chungwa lililobonyea juu na chini, laini kabisa, na bahari ya kweli haifuati lile umbo, inavutwa na uzito wa dunia ambao haulingani kila mahali, kwa hivyo kwingine imepanda na kwingine imeshuka. Bahari ya Hindi ndo imeshuka kushinda zote, kusini mwa India kuna mahali uso wa maji uko zaidi ya mita 100 chini ya lile umbo, na sisi huku mwambao wa Kenya tuko kwa ukingo wa hilo bonde, tumeshuka karibu mita 30. Simu na programu nyingi zinarekebisha zenyewe kimyakimya, ila ile programu yangu ilikuwa inanipa namba mbichi.

Sasa nilikuwa natafuta nini huko. Shangazi yangu, dadake baba, ana nyumba ukivuka daraja la Sabaki kama unaenda Mambrui, halafu unashuka upande wa bahari. Ile ploti aliinunua kwa pesa za kiinua mgongo za marehemu mumewe, zote, hazikubaki. Kampuni iliyomuuzia sitaitaja, lakini nakumbuka sorveya wao alikuja mwezi wa pili, kaskazi inavuma, jua kali, mto umekonda, na zaidi ya hapo zilikuwa siku za maji mafu, yaani zile siku maji hayajai sana wala hayapwi sana. Wakapiga bikoni nne, zile alama za mipaka ya ploti, wakachora karatasi yao, watu wakalipa, wakajenga. Novemba 2023 ikaja ile mvua ya El Niño, mto ukafura kutoka bara, na tarehe 27 mwezi ukawa mpevu, bamvua, yale maji ya bahari yanayojaa kushinda siku zingine, ikapanda kukutana na maji ya bara na maji ya bara yakakosa pa kutokea. Kwa shangazi yalifika juu ya godoro. Alitoka usiku na redio, Kurani na mfuko wa vyeti, akalala kwa jirani siku 11.

Nilisomea upimaji miaka miwili chuoni na nimeshika fito za wenyewe kwa miaka kadhaa, kwa hivyo hili jambo liliniuma kwa njia mbili, kama mtoto wa ile nyumba na kama mtu wa hiyo kazi. Manake kanuni ziko. Kanuni za upimaji za Kenya zinasema ardhi ya serikali ikipimwa ili igawiwe, kwa upande wa pwani iachwe mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, na kwa mito ile inayopandwa na maji ya bahari iachwe mita 30 juu ya alama hiyohiyo. Mtu anasoma hapo anaridhika, mita 30 si haba. Lakini mita 30 kutoka wapi? Alama ya maji kujaa iko wapi, Sabaki, mahali ambapo ardhi ni tambarare kiasi kwamba maji yakipanda shibiri moja yanakwenda mbele hatua 40? Ukikosea hapo mwanzo, zile mita 30 zote umezipima ndani ya bahari.

Nikaanza kutafuta ramani.

Nilipata nakala ya karatasi ya zamani ya 1:50,000, zile zilizotolewa na Survey of Kenya pamoja na Waingereza wa Directorate of Overseas Surveys, zimechorwa kutoka picha za ndege. Naziheshimu sana zile karatasi. Yule aliyechora alikuwa na mkono, kila njia ya miguu iko, kila kisima. Lakini kontua zake, ile mistari ya kuonyesha urefu wa ardhi, zinaruka mita 20 kwa mita 20. Kwa watu wa milimani hiyo inatosha kabisa, kule kilima kimoja kina mistari kumi. Kwetu sisi mtu anaishi, anaoa, analima, anazikwa, yote chini ya mstari wa kwanza. Kutoka darajani mpaka baharini karatasi ni nyeupe na alama chache za kinamasi, utafikiri hakuna kinachoendelea, na hapo ndo kila kitu kinaendelea, sentimita 50 ndo tofauti ya shamba la mahindi na uwanja wa chumvi.

Halafu kuna jambo la datamu, yaani ule msingi ambao namba za mahali kwa ramani zinahesabiwa kutoka hapo, na hili naliandika kwa sababu najua kuna vijana wengi sai wana ramani za zamani kwa laptopu na wanatoa namba humo kuzipeleka kwa simu. Karatasi zetu za zamani zimejengwa juu ya datamu inayoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Namba zinafanana sura, hata mtu mzoefu akiziangalia hazimshtui, lakini ukichukua namba ya Arc 1960 ukaiandika kwa simu bila kuigeuza, utakuwa umejisogeza karibu mita 300 kaskazini na kama mita 100 magharibi. Mimi nilichukua alama moja ya ukingo wa kusini, nikaifuata na simu, ikaniingiza kwenye matope, ikaniingiza kwenye maji, na mshale bado unaonyesha mbele, kule ng'ambo. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, nikakaa usiku huohuo mpaka nikajua kosa liko wapi. Sasa fikiria mtu anapiga bikoni kwa namna hiyo halafu watu wanaenda mahakamani miaka kumi.

Nikajaribu na data za anga. Februari 2000 kile chombo Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikiipima kwa rada, karibu nchi kavu yote isipokuwa kule juu kabisa na chini kabisa, na data zake ni za bure, mtu yeyote anazishusha. Nikazifungua kwa QGIS, programu ya kuchorea ramani, nikiwa na hamu, nikaona kando ya Sabaki kuna vilima! Vilima vya mita tano, sita, pale ambapo nimetembea tangu utoto na hakuna hata kichuguu. Ilikuwa mikoko. Rada inagonga kilele cha mti inarudi, kwa hivyo msitu wa mchu, aina ya mikoko, unaandikwa kama mlima, na anayesoma huko mbali anaamini hapo ni mahali pa juu, pakavu, pazuri kujenga. Yale machuguu ya mchanga ya upande wa Mambrui nayo yalikuwemo, yanasomeka vizuri kabisa yalivyokuwa mwaka ule, ila mchanga ni kitu cha upepo, kusi likivuma miezi sita halikuachii kitu mahali pake.

Kwa hivyo karatasi haikutosha na satelaiti haikutosha. Ndo nikaenda kwa mzee.

Huyu mzee ni mvuvi, Mgiriama, anakaribia miaka 80, na ndo alinifunza kuogelea. Nilimkuta anashona jarife chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikakaa, nikaletewa chai, mazungumzo ya nyumbani yakaisha, halafu nikamuuliza, mzee, maji yakijaa hufika wapi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na mtu asiyesema anakokwenda.

"Yakijaa siku gani?" akasema. "Mwezi tarehe nane hufika pale kwa ule mchu mkubwa hayapiti. Tarehe 16 huja mpaka kwa ule mnazi uliolala. Ile bamvua ya mwezi wa tatu hupita mnazi yakaja hapa kwa mwembe. Na ikiwa na bara kumenyesha, usiniulize mimi, kamuulize shangazio."

Sikuwa nimewahi kusikia jambo la kazi yangu likiwekwa wazi namna hiyo. Tarehe za mwezi wa kuandama, sio za kalenda ya ukutani. Bamvua mbili kila mwezi, baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, maji mafu mawili katikati, na zile bamvua kubwa za mwaka zinakuja karibu na Machi na Septemba. Na kwetu huku saa zake zinajulikana, siku za bamvua maji hujaa saa kumi kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa saa nne saa tano, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kila mtoto wa mvuvi anajua. Kumbe pale kati ya mchu na mwembe kuna mistari mitatu minne ya kontua na mzee anayo yote kichwani, ni kwamba hakuna aliyemuuliza kwa kalamu.

Akaniambia na lingine ambalo sikulitegemea. Babu yake alizaliwa ukingo ule wa kaskazini, na mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wote wahame upande wa kaskazini wa Sabaki, wavuke kusini, nyumba zikachomwa. Hiyo ndo vita yenyewe ya Mekatilili wa Menza. Nilisoma shuleni lakini sikuwahi kuiweka pamoja na ramani. Mtu alikaa ofisini, akaona mto kwa karatasi, akauona ni mstari, na mstari ni mpaka, huku wao, huku sisi. Kwa watu wa hapa mto haukuwa mstari. Ulikuwa shamba, ukipwa unapanda mpunga kwa lile tope jipya, ukijaa unaacha. Walirudi baadaye, tena wengi. Lakini tangu mzee aniambie hayo siwezi kuchora mto kwa kuvuta mstari mmoja wa buluu, mkono unakataa.

Wazo la vijiti lilitoka hapo hapo chini ya mwembe. Maji yakitulia ni levo, hilo kila fundi anajua. Kama nataka kontua, sihitaji kuja na mashine ya mamilioni, nahitaji watu wa kutosha kando ya maji, kila mmoja achome kijiti pale maji yalipofika, wote kwa wakati mmoja. Hiyo ni kontua moja. Nusu saa baadaye, maji yamepanda, wachome tena. Hiyo ni ya pili. Bahari inakuchorea yenyewe.

Tulikuwa watu 14, wengi ni watoto wa mtaa, wapwa zangu na marafiki zao, na vijana wawili wa bodaboda walioacha kazi siku hiyo. Vijiti vya mvinje tulikata zaidi ya 200, shangazi akatoa kanga mbili kuukuu tukazichana vitambaa, kila nusu saa na rangi yake. Nilipiga fito mbili zenye sentimita, moja mlangoni na moja juu karibu na daraja, kila moja na mtu wa kuisoma. Siku yenyewe ni ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa sita mchana tukajipanga kwenye tope, kila mtoto na kipande chake cha ukingo, na mimi katikati na filimbi.

Nataka nieleze vile ilivyokuwa manake hakuna darasa lililonipa kitu kama kile. Filimbi ya kwanza, vijiti chini, vitambaa vyekundu. Maji yanakuja polepole, watoto wanachoka kungoja. Wavuvi wanajua kwamba katika zile saa sita za kujaa, ya kwanza na ya mwisho maji hayasogei sana, ila ya tatu na ya nne peke yake zinabeba nusu ya maji yote, na ilikuwa hivohivo, kufika saa saba na nusu maji yalikuwa yanakimbia. Upande wa kusini ambako ukingo umesimama, kijiti cha manjano kilichomwa hatua moja tu juu ya chekundu. Upande wa kaskazini kwenye ule uwanja wa tope, yule mpwa wangu mdogo wa darasa la nne alikuwa anarudi nyuma mbio na vijiti kwapani, kila filimbi yuko mita 30, mita 40 nyuma ya alipokuwa, anapiga kelele "Mjomba, yaja! Yaja!" Nikasimama nikaangalia. Huku vitambaa vimebanana, kule vimetawanyika mpaka machoni vinakuwa vidogo. Ile ni ramani. Mistari ikikaribiana ni mteremko, ikiachana ni tambarare, na ilikuwa pale imesimama kwenye tope, ukubwa wake wa kweli, rangi saba za kanga.

Saa kumi na nusu fito ya mlangoni ikasimama. Nikapiga filimbi ya mwisho, vitambaa vyeupe. Na hapo mzee, ambaye alikuwa amekaa kwa hori lake, ule mtumbwi mdogo, muda wote hasemi kitu, akaniita. Akaniambia mlangoni yashaanza kurudi lakini darajani bado yapanda. Nikapiga simu kwa yule kijana wa fito ya juu na ni kweli, yake ilikuwa bado inapanda, ikaendelea kupanda karibu nusu saa. Nilikuwa nimekosea. Nilidhani mto mzima unajaa pamoja kama beseni, kumbe bamvua ni kitu kinachosafiri, kinaingia mlangoni kinapanda mtoni kwa mwendo wake, kwa hivyo vitambaa vyangu vya darajani na vya mlangoni vya rangi moja havikuwa levo moja. Ndo maana nashukuru nilipiga fito mbili. Ilibidi nirekebishe vile vya juu kimoja kimoja kwa kutumia masomo ya fito yao, kazi ya usiku mbili.

Tuliondoka kabla ya magharibi kwa sababu ya viboko. Wako, sio hadithi, wanapanda kula usiku na hawapendi kukuta mtu njiani.

Kesho yake saa tano maji yamepwa, tukarudi na simu. Hapo hakuna haraka, unasimama kwa kila kijiti dakika mbili simu itulie, unahifadhi alama na rangi yake. GPS ya simu inakosea mita tatu mpaka tano kwa upande na hiyo naikubali, juu na chini sikuiamini hata kidogo, urefu wote ulitoka kwa maji. Vingine vilikuwa vimechukuliwa na mkondo, kama 20 hivi. Matope yanafika magotini na yana harufu ile ya mikoko ambayo ukiizoea unaitamani ukiwa mbali.

Kina cha mto tulipima na mzee kwa hori, siku nyingine, maji mafu ili mkondo usitusumbue. Anatia pondo mpaka chini, anasoma kwa mkono wake, pima moja na dhiraa, pima moja kasoro shibiri, mimi naandika na kuhifadhi alama. Pondo likifika chini alikuwa analizungusha kidogo kabla ya kulitoa, nikamuuliza kwa nini, akasema anasikiliza kama ni tope au mchanga. Na kila alivyosema, pondo lilitoka na tope au lilitoka safi, hakukosea. Kumbe wale mabaharia wa Kiajemi na Kiarabu waliokuwa wakija na kaskazi walikuwa na vitabu vya njia za bahari vinavyoitwa rahmani, na neno letu ramani lina ukoo na hilo. Mzee hana kitabu, lakini mimi nilikuwa nimekaa ndani ya rahmani siku nzima.

Lile tope lenyewe linastahili aya yake. Mto huu unatoka kule karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, kwetu unafika ukiwa Sabaki, karibu kilomita 390, na kila shamba lililofyekwa njiani linakuja kwetu. Kaskazi likivuma lile wingu jekundu linashuka kusini mpaka ghuba ya Malindi, kusi likivuma linapanda Ngomeni. Ufuo wa mjini umejaa mchanga hivi kwamba nyumba na hoteli zilizojengwa kando ya maji sasa zina uwanja mbele. Kwa hivyo ardhi inaongezeka, watu wanaona ardhi mpya wanaitamani, wanaipima, wanaiuza. Na iliyoletwa na mto, mto unaweza kuichukua.

Halafu sasa ile levo ya kwa shangazi. Hiyo nilimuachia fundi wa mtaani, ana ule mpira wa maji wa mita 20 wanaotumia kuhamisha levo kwenye msingi. Unaujaza maji, unatoa mapovu yote, unashika ncha moja kwa kijiti na nyingine mbele, maji yanakaa sawa pande zote mbili, hayadanganyi. Tulianza kwa kitambaa cheupe cha karibu, tukaruka mara tisa mpaka kwa kizingiti cha mlango. Sakafu ya shangazi iko sentimita 38 juu ya bamvua ile, ambayo haikuwa hata kubwa ya mwaka. Bikoni mbili za nyuma ziko chini ya bamvua. Moja iko chini kwa sentimita 22, maji ya chumvi yanaifunika kila mwezi mara mbili, na ina magome ya kombe juu yake.

Nilimwonyesha. Alisimama na leso kichwani, akaangalia ule mpira, akaangalia ile bikoni.

"Kwa hivyo mwanangu hii yangu ni ploti au ni bahari?"

Nikamwambia, shangazi, nyumba ni yako, ile sehemu ya nyuma walikuuzia bahari. Hakulia. Aliingia ndani akatoa makaa, akachora mstari kwa ukuta wa jikoni pale maji ya Novemba yalipofika, akaniambia na huo nao niupime. Mita 1 na sentimita 4 juu ya bamvua yetu. Nimeutia kwa ramani.

Ukitaka kuchora mwenyewe mji wako wa maji, jambo moja litakusumbua na nalisema mapema: sufuri ni tatu. Ramani za nchi kavu Kenya zinahesabu urefu kutoka wastani wa bahari uliopimwa Kilindini. Ramani za mabaharia zinahesabu kina kutoka maji yalipopwa kabisa, ili nahodha asipande mwamba. Na mwambao wa OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, unachorwa kwa wastani wa bamvua ikijaa. Kwetu ambako bamvua inapanda na kushuka mita tatu na zaidi, hizo sufuri hazikaribiani, na mimi nilikuta ukingo wa Sabaki umefuatwa kutoka picha ya satelaiti iliyopigwa maji yako nusu njia, mstari ukapita katikati ya tope. Nimeurekebisha. Sasa mwambao uko kwa vitambaa vyeupe, na lile tope kati ya vyekundu na vyeupe limewekwa kama tope la kupwa na kujaa, kitu chenye jina lake na eneo lake.

Kuna niliyoacha. Wavuvi waliniomba mashimo ya kamba na mahali pa kutegea mtu asiyaone kwa simu, na sikuyatia. Makaburi mawili ya zamani ndani ya mchu hayamo vilevile, wenyewe walisema hapana.

Ramani iliyochapishwa, karatasi kubwa ya rangi, nimeipeleka kwa ofisi inayohusika na ardhi mara mbili. Mara ya kwanza mhusika hayupo, mara ya pili niliambiwa niandike barua. Nimeandika, na nimeambatisha picha ya bikoni yenye kombe.

Upande wa kwenda Mambrui bado mweupe. Tunangoja bamvua kubwa ya Machi, mzee amesema tusianze saa sita, tuanze mapema zaidi manake siku hiyo yatakuja kwa kasi. Vijiti vimekatwa 300, viko nyuma ya jiko la shangazi, chini ya mstari wa makaa, na safari hii fito zitakuwa nne.